Miezi Tisa Iliyopunguzwa

Msomaji wa wasifu wa marehemu alipofika mahali palipoandikwa kwamba Gideon alijenga programu ya simu ya wafugaji wa Kajiado "kwa muda wa wiki sita pekee", watu walipiga makofi. Tulikuwa chini ya hema, Kitengela, kando ya nyumba ambayo Gideon aliihamia kabla haijaisha na ambayo haikuwa imeisha hata siku ya kumzika. Nondo zilikuwa bado zimesimama juu ya zege zikingoja ghorofa ya pili, zimeliwa na kutu, na mtu fulani alikuwa amezifunga utepe mweusi wa msiba. Mimi sikupiga makofi. Viti vichache kutoka kwangu alikuwa ameketi Ng'oto Lemayian, yaani mama yake Lemayian, ambaye nilikuwa sijamwona kwa miaka mingi. Yeye pia hakupiga. Alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, akilitazama jeneza kwa jicho lile lile alilokuwa akimtazamia mnyama ambaye mtu anataka kumuuzia. Katika hema lile lote, nadhani ni sisi wawili tu tuliojua wiki sita zile zilikuwa wiki gani.

Mwaka ninaoukumbuka ni wa mwishoni mwa muongo wa kwanza wa elfu mbili, mwaka ambao mvua fupi haikunyesha na mvua ndefu ikanyeshea wengine. Nilikuwa na chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kando ya barabara ya Namanga. Mbele waliuza saruji, misumari na mabati. Nyuma mimi nilitengeneza simu, nilichaji simu za watu wasio na umeme, na kuuza muda wa intaneti kwenye kompyuta tatu. Malori ya mawe kutoka machimboni yalipita kutwa, na kila yalipopita vumbi jeupe liliingia chini ya mlango likatua juu ya kibodi, hata ikawa kila asubuhi kabla ya kazi napangusa herufi moja moja kwa brashi ya rangi. Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa redio. Simu zilipokuja nikajifunza simu, na kompyuta zilipokuja nikajifunza kompyuta, kutoka vitabu vya kuazima ambavyo nilipiga nakala za kurasa nilizohitaji tu. Hakuna aliyenifundisha kuandika programu. Silisemi hili kwa majivuno. Mtu anayejifundisha hulipa karo yake kwa makosa, na faida anayoipata ni kwamba anakumbuka kila kosa lilichukua muda gani kurekebishwa.

Ndiyo maana nilijua kukadiria. Mwenye duka la mbele aliwahi kuniomba programu ya kumwonyesha saruji iliyobaki stoo. Nilimwambia mwezi mmoja, kwa sababu nilihesabu siku za kuandika peke yake. Ilichukua mitano. Kuandika kulichukua mwezi mmoja kweli, kama nilivyosema. Miezi mingine minne ilikwenda katika mambo ambayo sikuyajua siku ya kwanza: karani aliyeandika mifuko na karani mwingine aliyeandika tani, umeme uliokatika katikati ya kuhifadhi, mteja aliyerudisha nusu ya mzigo. Tangu hapo nilianza kuipima kazi mpya kwa kazi iliyopita inayofanana nayo, wala sikuipima tena kwa hamu yangu wala kwa hamu ya mwenye kazi. Hiyo ndiyo siri yote ya makadirio. Haina ujuzi mkubwa. Inahitaji tu mtu asijidanganye kuhusu jana.

Ng'oto Lemayian alikuwa mteja wangu wa asubuhi. Alileta maziwa mjini kutoka upande wa Isinya, akiisha kuyagawa alipita kwangu kuchaji simu yake ndogo, ambayo aliibeba shingoni ndani ya kifuko cha shanga.

"Takwenya, yeyo," nilimsalimu, yeyo ikiwa ndiyo mama kwa Kimaasai.

"Iko. Fundi, simu yangu imekufa tena."

"Haijakufa, yeyo. Iko na njaa."

"Basi imekuwa kama ng'ombe zangu."

Alikaa kwenye benchi, akanywa chai ya maziwa yake mwenyewe, na kunieleza shida yake kama anavyoieleza mtu aliyeifikiria njia nzima. Kiangazi kinakuja. Ng'ombe ni wa kuuza sasa, wakiwa na nyama, au ni wa kuzika baadaye. Lakini soko la Kajiado lilikuwa mbali, na kumfikisha mnyama pale kulimpunguza uzito. Ukifika siku ambayo wanunuzi ni wachache, huwezi kurudi naye. Unamwacha kwa bei yoyote. Habari za bei alizipata kwa madalali, na dalali ni yule yule anayenunua. "Broka akiniambia bei imeanguka," alisema, "mimi nitabisha na nini? Na kikombe hii ya chai?"

Programu ilizaliwa kwenye benchi ile. Simu za wakati huo, hata zile za kubonyeza, zilikuwa zimeanza kukubali programu ndogo. Ningeweza kuandika moja ambayo mtu aliyeko sokoni angetuma bei za siku, na kila aliye nayo angeziona kwenye simu yake, ng'ombe dume, mtamba, mbuzi, kondoo, bila kumuuliza dalali. Nilimweleza Gideon, ambaye alikuwa akija kwangu kusoma barua pepe zake. Gideon alikuwa na kampuni iliyokuwa na jina, muhuri na kadi za mkurugenzi, hivi kwamba mtaa mzima ulimwita Mkurugenzi. Alikuwa mtu mkarimu. Nataka hili lieleweke, kwa sababu nitakayoyasema yataonekana kama chuki. Alipata wafadhili, akaleta kompyuta mpya, akanilipa nilipostahili kulipwa. Alikuwa na kipawa cha kumfanya mtu yeyote aone kitu ambacho bado hakijakuwepo. Ubaya wake ni kwamba yeye mwenyewe alikiona pia, tena kikiwa kimekamilika.

Alitualika kula nyumbani kwake, mimi na Ng'oto Lemayian, ambaye sasa alikuwa msemaji wa kikundi cha akina mama wa maziwa. Nyumba ilikuwa na kuta za mawe yasiyopigwa plasta, na ukitazama juu uliona alama za mbao zilizomwagiwa zege. Madirisha mawili yalikuwa na vioo na mawili yalikuwa na magunia. Hakuna aliyeshangaa, nusu ya Kitengela ilikuwa inaishi hivyo. Mtu akishafunika juu anahama nyumba ya kodi, anaingia, na mengine anayamalizia akiwa ndani, mwaka baada ya mwaka. Tulikula ugali, nyama ya mbuzi na kachumbari kali. Kisha Gideon akajipangusa mikono na kuniuliza mbele ya mgeni, "Sasa Fundi. Hii kitu itachukua muda gani?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilisema miezi tisa. Nikaeleza: miezi miwili ya kwenda sokoni na kuwasikiliza wanaouza na wanaonunua, miwili ya kuandika, miwili ya kuifanya ikubali kwenye aina mbalimbali za simu, maana kila moja ilikuwa na kioo chake na vitufe vyake na ukaidi wake, na iliyobaki ya kuijaribu na watu wachache na kurekebisha yale tusiyoyajua. Nilipomaliza, Gideon akacheka kicheko kizuri.

"Tisa hiyo ni ya mzungu. Sasa tupatie ya mwananchi."

"Hiyo ndiyo ya mwananchi."

"Miwili."

"Nimesema tisa, Mkurugenzi."

"Ameshika tisa! Hata moja hajashuka! Yeyo, umeona mtu kama huyu? Huyu ukimpeleka soko na kuku atarudi nayo."

Ng'oto Lemayian alikuwa anacheka mpaka shanga za masikioni zinagongana. "Fundi," akasema, "ng'ombe inabeba miezi tisa. Mbuzi inabeba mitano. Sisi hatujaomba ng'ombe. Wewe tuletee tu mbuzi."

Hata mimi nilicheka. Ilikuwa mzaha mzuri, na nyama ilikuwa nzuri, na ni vigumu kueleza mambo ya vioo na vitufe kwa watu wanaocheka. Gideon akaushika mkono wangu wa kulia, akaupiga kiganja kama wanavyofanya wakishauziana mnyama, akasema, "Mitatu. Imeisha hiyo." Nilisema, mkono wangu ukiwa bado ndani ya wake, kwamba sijakubali. Akanijibu kwamba muuzaji husema hivyo kila mara.

Nimeufikiria mlo ule kwa miaka mingi, na naona kwamba hakuna aliyenidharau pale. Walinitendea walivyotendewa wao kila siku. Katika nchi yetu hakuna mtu anayetaja bei yake ya mwisho mwanzoni. Mwenye mawe anajua utapunguza, kwa hiyo anapandisha. Mwenye nyumba, mwenye mitumba, mwenye mbuzi, wote wanapandisha ili mkutane katikati, na kukutana huko katikati ndiyo adabu yenyewe. Mtu anayetaja ukweli kwanza anaharibu mchezo. Wanamwona ama mkaidi ama mjanja kuliko wote. Mimi nilitaja miezi tisa kwa sababu kazi ilikuwa ya miezi tisa. Wao walisikia mahali pa kuanzia. Mafundi wenzangu wa programu, niliowajua baadaye, walinishauri kwa huruma: sema kumi na minane, watakata nusu, kila mtu ataenda nyumbani ameridhika. Sijawahi kuweza. Nimepoteza kazi nyingi kwa kushindwa huko, wala sidai kwamba ni wema. Ni kama ulemavu wa mdomo.

Nilianza kazi. Wiki za kwanza, badala ya kwenda sokoni kusikiliza, nilitengeneza kurasa za mfano, maana Gideon alitaka wafadhili waone kitu. Ukibonyeza "Kajiado" ulipata orodha ya wanyama, na mbele ya kila mnyama bei. Bei zile nilizibuni mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Hazikutoka popote. Nilimwonyesha Gideon katika wiki ya sita. Alibonyeza, akabonyeza tena, akaiinua simu juu kwenye mwanga wa mlango.

"Si hii hapa imeisha?"

"Hiyo ni picha ya programu, Mkurugenzi. Ndani hamna kitu. Ni kama wale watu wa plastiki wanaovalishwa nguo pale dukani kwa fundi cherehani."

"Lakini inaonekana."

"Inaonekana."

"Basi iliyobaki ni kidogo."

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo vijana wa leo, wenye zana nzuri mara mia kuliko zangu, bado wanajifunza kwa machozi: kinachoonekana ndicho rahisi. Mtu akiona kioo kinang'aa anadhani ameona robo tatu ya kazi. Ameona ngozi tu. Na siku ile ile Gideon alikuwa na habari njema. Mheshimiwa mmoja alikuwa amekubali kuja kuizindua, na nafasi yake ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Baada ya hapo asingepatikana tena mwaka huo. Mahema yalikuwa yameshalipiwa. Mbuzi walikuwa wameshachaguliwa. Siku ya kukamilika kwa kazi yangu ilikuwa imepangwa na mtu ambaye hakuwahi kuiona kazi yenyewe, kwa kutazama shajara yake.

Nilimwomba jambo moja. Nilimwambia kwamba naweza, kwa kukimbia, kuunganisha zile kurasa na bei za kweli zinazotumwa kutoka sokoni, lakini programu haitaonyesha tarehe ya bei, wala haitajua kuifuta bei iliyochakaa. Simu itaonyesha bei ya mwisho iliyoipokea, hata kama ni ya mwezi uliopita, na itaionyesha kwa herufi zile zile za leo. Sehemu hiyo nilikuwa nimeipangia mwezi wa tano wa kazi, kwa sababu ilitegemea mambo mengine manne yaliyotangulia. "Bei bila tarehe ni hatari kuliko kukosa bei," nilisema. "Usiziweke kwenye simu za watu. Zindua na simu yako peke yako, wapige picha, waende."

Tulikuwa sebuleni kwake, tunakunywa chai. Akanionyesha dirisha la gunia kwa kidole.

"Fundi, umekula kwa hii nyumba mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Umewahi nyeshewa ndani?"

"Hapana."

"Haina plasta, haina dari, na watoto wanakua ndani yake. Ningengoja iishe, ningekuwa bado nalipa kodi mpaka leo. Tuhamie tu. Tutamalizia tukiwa ndani."

Jibu nililopaswa kuwa nalo lilinijia baadaye, na nimeliweka kwa miaka yote hii bila mtu wa kumpa. Nyumba isiyokwisha husema kweli. Dirisha likikosekana unaona shimo, unaweka gunia. Ngazi ikikosekana, mguu wako unajua. Programu isiyokwisha ina uso ule ule wa iliyokwisha. Shimo lake halionekani mpaka mtu atumbukie.

Uzinduzi ulifanyika. Mheshimiwa alikuja saa nane badala ya saa nne, akabonyeza simu mara moja, akasema vijana wetu ni hazina. Nilimwona Gideon ameshika kipaza sauti, amevaa suti ya kijivu, akisema wiki sita, wiki sita tu, ndugu zangu, kwa mikono yetu wenyewe. Baada ya nyama alizunguka hema akiiweka programu kwenye simu za watu, moja baada ya nyingine, mpaka kompyuta yake ikapata moto. Nilimfikia Ng'oto Lemayian kabla hajaondoka. Nilimwambia kwamba bei ile haina tarehe, aulize kabla ya kuiamini.

"Nitauliza nani?"

"Uliza mimi. Si unapita kila siku?"

"Kila siku nitapita," akasema.

Na kwa muda programu ilisema kweli. Gideon alikuwa amemweka kijana mmoja sokoni Kajiado, mwangalifu, aliyetuma bei kila siku ya soko. Ng'oto Lemayian aliuza madume wawili kwa bei nzuri, na dalali aliyezoea kumdanganya alitukanwa mbele ya watu. Alinisimulia akiwa amesimama katikati ya chumba changu, akiigiza sauti zote mbili. "Akaniambia, mama, bei imeanguka. Mimi nikatoa simu. Nikamwambia, imeanguka wapi? Tuonyeshe tuiokote!" Wateja wa intaneti waligeuka wote kucheka. Sijaona mtu mwenye furaha ya aina ile tena. Ilikuwa furaha ya mtu aliyepata kitu cha kubishia.

Mimi nilikuwa sifiki popote. Kila asubuhi palikuwa na foleni mlangoni ya watu walioshika simu zilizoganda, simu zilizofuta majina, simu zisizokubali kufungua tena. Programu iliyotoka kabla ya wakati hula wakati wa kuimalizia. Miezi niliyoihitaji kwa kazi niliitumia kuwatuliza watu. Ile tarehe niliisogelea kidogo kidogo, saa moja leo, nusu saa kesho. Kiangazi kikakaza. Malori ya mawe yaliendelea kupita, lakini sasa vumbi lilikuwa jekundu, maana lilitoka mashambani. Ng'ombe wa Ng'oto Lemayian wakakauka, maziwa yakaisha, na maziwa yalipoisha hakuwa na sababu ya kuja mjini. Simu akawa anachaji kwa jirani mwenye sola. Benchi langu likakaa tupu, nami nilidhani ameenda na mifugo kutafuta nyasi kama wengine.

Kilichotokea sokoni nilikielewa baadaye. Wanyama walikuwa wamekonda mno, na wanunuzi wa Nairobi waliacha kuja. Kijana wa Gideon alienda siku ya soko, akakuta hakuna mnunuzi. Hakukuwa na bei, kwa hiyo hakutuma bei. Alifanya sawa. Wiki iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na nyingine. Simu kwa upande wake hazikuwa zimefundishwa maana ya kimya. Ziliendelea kuonyesha ile bei nzuri ya mwisho, kila asubuhi, kwenye kila kifuko cha shanga.

Ng'oto Lemayian alikuwa amebakiwa na nyasi kidogo kwenye kipande alichokilinda kwa muda mrefu. Angeweza kuwakalisha hapo ng'ombe waliobaki na kuomba Mungu. Lakini simu ilisema Kajiado wananunua, na simu ilikuwa haijawahi kumdanganya. Aliwaondoa wote. Wengine walilala njiani wasiinuke. Alipofika na waliosalia alikuta uwanja mtupu, wachuuzi wawili wa ngozi, na yule kijana wa Gideon chini ya kivuli cha kibanda, ambaye alipomwona akija na mifugo alisimama akaanza kulia kabla hajasalimiwa. Huyo kijana ndiye aliyenisimulia. Kurudi nao nyumbani hakuweza. Waliishia pale na kandokando ya barabara, na ngozi zao zilibebwa na wale wawili.

Gideon alipopata habari alisema, "Kiangazi ndicho kimeua, Fundi. Si sisi." Alimpelekea sukari, unga na blanketi, na najua kwamba alifanya hivyo kwa moyo. Mwezi uliofuata alikuwa kwenye mkutano hotelini akieleza wiki sita. Sioni kwamba mambo hayo mawili yalipingana ndani yake. Kiangazi kiliua kweli. Kiliua kwa kila mtu. Lakini wafugaji wengine walichagua wenyewe ng'ombe wao wafie wapi.

Tarehe ya bei niliikamilisha mwezi wa tano tangu nianze kazi, kama nilivyosema ningeikamilisha. Niliijaribu kwenye simu saba za aina tofauti, na ilifanya kazi vizuri. Bei ikipitisha wiki, ilijifuta yenyewe na kuandika: Hakuna bei mpya. Nilikaa nikiitazama sentensi ile hadi kioo kikazimika. Nilienda kwa miguu mpaka kwake kuiweka kwenye simu yake, nikijua ni upuuzi, lakini sikuwa na kitu kingine cha kubeba. Alikuwa ameketi mlangoni anatunga shanga za kuwauzia wasafiri wa Namanga. Aliichukua simu, akasoma polepole, akanirudishia.

"Wewe ulisema tisa," alisema. "Mimi nikasema mbuzi."

"Yeyo, ule ulikuwa mzaha."

"Eeh. Tulicheka sana siku hiyo."

Akarudi kwenye shanga zake. Mvua ilikuja hatimaye. Nilipopita upande ule mwaka uliofuata niliona nyasi ndani ya boma lake, ndefu kuliko nyasi zote za jirani, kwa sababu ziliota juu ya samadi. Hapakuwa na wa kuzila. Mwanawe Lemayian alikuwa ameenda kuchonga mawe machimboni. Programu ilikufa yenyewe miaka michache baadaye, simu za kioo kikubwa zilipokuja, nami nilibaki na chumba changu, brashi yangu na sifa mjini ya kuwa fundi mzuri lakini wa polepole mno kazini.

Baada ya kufukia kaburi tulipewa chakula: wali, ndengu, kabeji na nyama kidogo. Nilichukua sahani nikaketi kando ya Ng'oto Lemayian, chini ya zile nondo. Tulisalimiana kama zamani, takwenya, iko, kisha tukala. Brayan, mtoto wa kwanza wa Gideon, alikuja akachuchumaa mbele yetu kwa heshima. Ni kijana mzuri, ana kicheko cha baba yake. Alinishukuru kwa kuja, akaniambia baba yake alinitaja hadi mwisho, kisha akasogea karibu.

"Anko, tunataka kurudisha ile app ya dadi. Kwa hizi simu za sasa. Tuizindue Krismasi, familia yote ikiwa nyumbani. Mheshimiwa amesema atatafuta nafasi. Itachukua muda gani?"

Nilimuuliza nani atakuwa anatuma bei. Akasema hayo watayapanga mbele ya safari. Nilimuuliza kama ameenda sokoni. Akasema ataenda. Nikaitazama sahani yangu, nikapima kwa kazi iliyopita inayofanana na hiyo, kama nilivyojizoeza.

"Miezi tisa," nikasema.

Brayan akacheka. "Anko! Hiyo ni ya kuanzia. Sasa niambie ya mwisho." Akabaki pale amechuchumaa, mkono wake wa kulia umenyooka, akingoja nishuke. Nilikula ndengu zangu. Aliponiona sishuki aliurudisha mkono taratibu, bila kukasirika. "Ni sawa tu. Kuna msee wangu Rongai anasema hiyo kitu si ngumu. Siku hizi AI inaandika yote. Anasema wiki sita."

Ng'oto Lemayian aliweka kikombe chake chini kwenye kokoto. Nilidhani hakuwa anasikiliza.

"Huyo kijana wa wiki sita," akasema, "mwambie apite kwangu kwanza. Nitamwonyesha boma."

"Sawa, koko," Brayan akajibu kwa adabu, akimwita nyanya kwa Kimaasai. "Kwani uko na ng'ombe wengi?"

"Aje tu," akasema yule mama. "Ataona."